Maadui Arobaini wa Mzee Haonga

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku yangu ya ndoa, na mzee wangu hapa ndani akinisikia nasema hivyo atanuna mpaka jioni. Ni siku ambayo mzee mmoja aliniuliza swali fupi nikakosa jibu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kijiji chetu kizima huku Mbozi kilijua kwamba Rabeka hakosi neno. Nitakusimulia, lakini kaa vizuri kwanza, maana mimi kusimulia kwa mkato sikujaliwa.

Kilichonirudisha huko ni kitabu. Mjukuu wangu Subira ana duka la madaftari na vifaa vya shule pale Tunduma, karibu na mpaka. Alipokuja kunisalimia wiki zile mvua zilipokatika, alinitolea kwenye mkoba kitabu kinene chenye jalada linalong'aa, alichokinunua kwa Mzambia mmoja anayevusha vitabu vya mtumba. Juu ya jalada kulikuwa na askari aliyekunja uso na bunduki yake, na nyuma yake moshi mtupu. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikapiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Bibi, vipi tena?" Subira akaniuliza.

"Huyu mtu namjua!"

Alikuwa ni sajini wangu, mwenye kidevu kipana na kofia iliyopinda, ambaye mara ya mwisho nilimwona nikiwa msichana. Zilikuwa zile katuni zetu za vita za zamani, hadithi kumi na mbili, zimekusanywa na kuchapishwa upya kwa wino safi na karatasi nyeupe. Wakati wetu zilikuja zikiwa vijitabu vidogo vya kushika kwa kiganja kimoja. Kaka yangu Yona alikuwa akibeba mizigo pale mpakani miaka ile reli ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kupitisha treni, na wachuuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, walimpa vijitabu hivyo akawa analeta nyumbani. Vingine havikuwa na jalada. Vingine vilikosa mwisho, na kimoja nakumbuka kurasa zake za katikati zilikuwa zimefungiwa karanga na watu wakazila karanga wakatupa vita.

Basi tulikaa na kitabu kile siku tatu, mimi na Subira, yeye akisoma Kiingereza chake kizuri na kunifasiria, mimi nikishika kichwa. Mwanangu, hakuna hadithi hata moja niliyokuwa nikiijua! Yule mzee mnene mwenye ramani, ambaye miaka yote nilisema ni baba mkwe wa sajini amekuja kudai ng'ombe wake wa mahari, kumbe ni jenerali. Wale wawili waliokuwa wakigombana kwenye handaki, niliowagombanisha kwa sababu ya mpaka wa shamba, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Na ndege niliyosema inaleta chumvi ilikuwa inaleta mabomu. Subira alicheka mpaka akalala mkekani.

"Kwa hiyo Bibi ulitupiga kamba utoto wetu wote?"

"Sikuwapiga kamba. Niliwatafsiria."

Tulifurahi sana siku zile tatu. Ila kuna ukurasa mmoja niliufunua haraka haraka, na Subira ana macho. Akaurudisha. Ni ukurasa wa kawaida tu, askari wanavuka mto kwa kamba, mvua inanyesha. Kwenye kona ya picha ya chini yupo Mwafrika mmoja amebeba sanduku kichwani. Hana jina, hasemi neno, na ukifunua ukurasa unaofuata hayupo tena. Subira akaniuliza kwa nini namruka yule, nikamweleza hiki ninachokueleza wewe.

Siku hizi kahawa mbivu wengi wanaipeleka kwenye mitambo ya kikundi. Zamani kila nyumba ilimenya ya kwake kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa, halafu ikaanikwa juu ya chanja, kitanda kirefu cha fito, nyuma ya nyumba. Hapo juu ya chanja ndipo kazi ilipokuwa. Mnasimama huku na huku mnachambua punje moja moja, mnatoa nyeusi, mnatoa zilizovunjika, mnatoa zile ambazo ganda limegoma. Jua linakuchoma kisogo, miguu inakufa ganzi. Mtu mmoja hawezi, kwa hiyo tulikwenda kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Asiyekwenda kwenye chanja za wenzake hakuna anayekwenda kwenye chanja yake. Hakuna aliyelitangaza hilo wala kuliandika popote, lakini hata mtoto alilijua.

Sasa mimi, mwanangu, nilikuwa nimejipatia cheo. Mimi nilikuwa msomaji. Nilikalia kigoda kichwani pa chanja, nikafungua kijitabu cha vita, na watu wakachambua huku wananisikiliza. Mikono yangu ilisamehewa kazi, na zamu ya nyumba yetu ikahesabika imetimia ingawa sijagusa punje. Mama alivimba kichwa kwa sababu yangu. Akikutana na wanawake wenzake kisimani lazima aseme, "Rabeka wangu koo limemkauka kwa kusoma." Wasichana wa rika langu, ambao kucha zao zilikuwa nyeusi tangu mavuno yalipoanza, hawakunipenda hata kidogo.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, kinatosha kuomba ruhusa ya kwenda nje na kutaja siku za wiki. Lakini nani angenikosoa? Niliangalia picha, nikatunga. Maadui wote niliwapa sauti ya bwana shamba wetu, aliyekuwa akiongea kwa puani na kututisha kwa ajili ya ugonjwa wa majani. Adui mmoja akifa kwa sauti ile, chanja nzima ilishangilia.

Miongoni mwa waliokuwa wakinisikiliza alikuwepo Mzee Haonga. Alikuwa amefiwa na mke, mrefu, anachechemea mguu wa kushoto, anaishi peke yake ng'ambo ya kijito. Wanawe walikuwa migodini Zambia. Yeye aliwahi kuwa askari wa keya, lile jeshi la Mwingereza, na katika vita kuu ya pili alipelekwa Burma. Hayo tu ndiyo tuliyoyajua. Wanaume walipokaa kwenye pombe walipenda kumuuliza, "Mzee, uliua wangapi kule?" naye aliangalia viatu vyake, akauliza kama kuna aliyeona mawingu upande wa Ileje. Walimuuliza miaka na miaka, na kwa kuwa hakujibu, wakaamua wenyewe kwamba hakuna alichokiona. Wengine walisema alikimbia. Lakini kwenye chanja hakuna aliyemfikia kwa kasi ya mikono. Alisimama mwishoni kabisa, akichambua bila kuinua macho, na kabla ya kusema lolote alikohoa kidogo. Ukimwita, hata kama wewe ni mtoto, alijibu kwa utani, "Naam, afande!"

Siku yenyewe tulikuwa kwenye chanja yetu. Kahawa ya kwetu ilikuwa nyingi mwaka ule, watu wamechoka, na nilikuwa nasoma kile kijitabu cha mto na kamba. Hadithi haikuwa inawaingia. Shangazi Lusia, dada yake baba, alipiga miayo mbele yangu bila hata kuziba mdomo. Msomaji hakuna anachokichukia kama hicho. Nikaangalia ile picha nikitafuta cha kuwachekesha, nikamwona yule mbeba sanduku kwenye kona.

Nikamfanya achechemee mguu wa kushoto. Nikamfanya akohoe kidogo. Nikamfanya aseme, "Naam, afande!" Watu wakaanza kuinua vichwa, wakaanza kucheka, na mimi nikisikia kicheko nilikuwa sijui breki. Bomu likaanguka, jamaa akatupa sanduku mtoni, akapanda juu ya mti, akamlilia mama yake kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani. Shangazi Lusia alijishika mbavu. Mama alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kwa kuwa walizidi kucheka nami nikazidi, nikamlowesha kaptura.

Hapo ndipo nilipotupa jicho mwishoni mwa chanja. Mzee Haonga alimaliza fungu lililokuwa mbele yake, akakung'uta mikono, akakohoa. Akasema, "Jioni njema," na jua lilikuwa bado kichwani. Akaondoka, akichechemea, na kila mtu akageukia punje zake kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

Kesho yake hakuja kwenye chanja ya jirani. Keshokutwa hakuja. Sasa elewa maana yake, mwanangu. Mzee Haonga kahawa yake ilichelewa kuiva, alikuwa ndiyo kwanza ameiosha, chanja yake imejaa pomoni, na upande wa Ileje mawingu yalikuwa yameanza kweli. Kahawa ile ndiyo ilikuwa mwaka wake mzima. Ikinyeshewa ikiwa bado chanjani inaota ukungu na kunuka, na kule ghalani wataikataa gunia zima. Yeye amejitoa kwenye zamu, kwa hiyo hakuna ambaye angekwenda kwake, na aliyemtoa ni mimi na mdomo wangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alinikuta napepeta mahindi, akasimama, akasema, "Umemwondoa mtu kwenye chanja. Mrudishe." Akaenda zake.

Mimi nikaona kazi rahisi. Kama nimemharibu mtu kwa hadithi, si nitamtengeneza kwa hadithi? Niliwaza asubuhi nzima, nikajisifu kimoyomoyo, na jua lilipopinda nikachukua kijitabu changu nikavuka kijito. Nilimkuta ameinama kwenye chanja yake peke yake. Chanja ndefu, na alikuwa amechambua kipande ambacho ungeweza kukifunika kwa kanga moja. Nikachuchumaa, nikamsalimia kama tunavyofundishwa, akaniitikia vizuri tu, wala hakunikunjia uso. Nikamwambia, "Babu, juzi hadithi haikwisha. Nimekuja kukusomea mwisho wake." Hakukubali wala hakukataa, akaendelea kuchambua.

Mwanangu, nilisoma siku ile! Yule mbeba sanduku kumbe hakukimbia, alipanda mtini ili awaone maadui vizuri. Akaruka chini, akanyakua bunduki, akawamaliza mmoja mmoja. Nilimhesabia kila mmoja na namna yake ya kufa, wote kwa sauti ya bwana shamba, na nilipofika wa thelathini jasho lilikuwa linanitoka. Nikafikisha arobaini. Jenerali akaja mbio, akamvisha nishani, akambusu mkono mbele ya majeshi yote. Nilimaliza nimesimama, nimenyoosha mikono juu, nikingoja kupongezwa.

Mzee Haonga alichukua punje nyeusi, akaitupa. Akachukua nyingine. Kisha akakohoa.

"Juzi umenifanya mwoga. Leo umenifanya nimeua watu arobaini." Akainua macho akanitazama, na hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Sasa binti, mimi mwenyewe utaniuliza lini?"

 Nilisimama pale na mikono yangu, nikaishusha polepole. Mavuno yote yale mtu aliyekwenda vitani kwa miguu yake alikuwa akisimama hatua kumi kutoka kwenye kigoda changu, na mimi nilikuwa nikitafuta vita ndani ya kijitabu nisichoweza kukisoma. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeshaona aibu nyingi maishani. Nikakifunga kijitabu nikakiweka chini. Nikamwuliza, "Babu, vitani ulifanya nini?"

"Nilipika," akasema.

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa mpishi wa kikosi chake tangu siku aliyoondoka mpaka siku aliyorudi. Akaniambia habari za mvua ya kule, ambayo ikianza unasahau kama kuna jua, kuni zinaloa mpaka moyoni, na moshi hauruhusiwi kwa sababu adui akiuona mmekwisha. Alijifunza kuchimba jiko ndani ya ardhi na kulifunika moshi usipande. Vijiti vikavu alivitembeza ndani ya shati lake, kwenye tumbo, akilala navyo na kuamka navyo, ili asubuhi watu wapate kitu cha moto. Wengine walilinda bunduki, yeye alilinda sufuria. Walipougua homa wakakataa kula, aliwapikia uji mwepesi akawanywesha kwa kijiko, akiwaimbia nyimbo za huku kwetu ingawa wengi wao hawakujua hata neno moja la Kinyiha.

"Kulikuwa na kijana mmoja," akasema, "ameshazidiwa, akaniuliza kesho tunakula nini. Nikamwambia maharage." Mikono yake ikasimama. "Maharage hatukuwa nayo. Lakini alilala akitabasamu, na hakuamka."

Nililia. Yeye hakulia, alinisubiri nimalize, halafu akaniambia kuhusu mguu wake ili anichekeshe. Aliteleza kwenye tope akiwa amebeba uji unaochemka, ukamwagikia mguuni. "Kila anayeniona nachechemea anadhani ni risasi. Jeraha langu la vita limetoka kwenye uji!" Akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka namna ile. "Wao wanauliza niliua wangapi. Sikuua hata kuku, maana kuku wenyewe hawakuwepo. Wangeniuliza nililisha wangapi ningewajibu, nilikuwa nawajua wote kwa sahani zao."

Nikamwomba ruhusa niwaambie watu. Akakataa katakata. "Ukianza wewe kusimulia, nitakuta nimevuka bahari kwa kuogelea. Nitasema mwenyewe, wakiniuliza."

Kwa hiyo kesho yake ilinibidi nifanye lililo gumu. Watu walikusanyika kwenye chanja ya Shangazi Lusia, kigoda changu kimewekwa. Sikukaa. Niliwaambia kwamba Kiingereza cha vile vijitabu sikijui, kwamba hadithi zote tangu mwanzo zimetoka kichwani mwangu, na kwamba yule mbeba sanduku aliyelia juu ya mti hayumo popote, ni mimi niliyemvika Mzee Haonga kicheko kisichokuwa chake. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejikaza, nangoja matusi.

Shangazi Lusia akatupa punje moja mbovu, akasema, "Tunajua. Yule sajini wako amekufa mara tatu tangu tuanze kuvuna."

Basi wakaangua kicheko, mpaka baba. Kumbe walijua siku zote! Walinisikiliza kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu jua lilipungua makali nikiwa nasoma. Lakini kicheko kilipopoa macho yote yalishuka kwenye punje, maana nao pia walikuwa wamecheka siku ile, na walijua ni nani waliyemcheka. Nikawaambia mzee ana chanja imejaa na mawingu ni yale pale, na kwamba ana mambo ya kusema lakini lazima aulizwe. Shangazi Lusia akaiangalia kahawa yake mwenyewe, akaangalia upande wa Ileje, akafunga kanga kiunoni. "Ya kwangu imeshakauka kuliko ya kwake," akasema. "Twendeni."

Tulivuka kijito kundi zima. Mzee Haonga alipotuona alinyooka, akatushangaa. Hakuna aliyetoa hotuba ya kuomba radhi, watu wa kwetu hawana mtindo huo. Walishika nafasi zao huku na huku ya chanja wakaanza kuchambua, na mimi nikashika mwishoni kabisa, pale alipozoea kusimama yeye. Shangazi Lusia ndiye aliyeuliza, na yeye hana kona. "Shemeji, kule Burma ulikuwa unafanya nini?"

Mzee akakohoa, akaanza. Alasiri mbili alisimulia, na alasiri mbili tulichambua, na wanaume wale wale wa kwenye pombe walikuwa wanamuuliza habari za jiko la chini ya ardhi kama watoto wa shule. Alipofika kwenye uji na mguu walicheka kwa sababu alitaka wacheke. Alipofika kwa yule kijana na maharage, ilisikika kahawa tu ikidondoka kwenye ungo. Siku ya tatu mvua ilishuka ile ya kuvunja migomba, lakini magunia ya Mzee Haonga yalikuwa ndani, makavu. Nilikaa kibarazani kwetu naangalia ile mvua, nikafurahi mpaka nikaimba. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, na msamaha wa mikono haukurudi tena mpaka nilipoolewa.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kwake na daftari. Alisema taratibu, niliandika, kisha nikamsomea. Kila nilipotia chumvi alinyanyua kidole: "Hilo sikulisema. Futa." Mwanangu, nilifuta sana! Daftari lile lilijaa mikwaruzo kuliko maandishi.

Mzee Haonga alifariki nikiwa tayari na watoto wawili. Unajua kwenye misiba yetu, kabla ya kwenda makaburini mtu anasimama kusoma historia ya marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akatutoka. Wanawe walikuja kutoka Zambia kwa basi, watu wazima, suruali zimepigwa pasi, wakakaa na karatasi wakashindwa. Walijua baba yao alikwenda vitani na alirudi. Katikati hapakuwa na kitu. Wazee wakawaambia, mfuateni Rabeka.

Nilisoma kutoka kwenye daftari, nimesimama kando ya jeneza, na sikumpa mtu yeyote sauti ya kuchekesha. Nilisoma habari za vijiti vikavu ndani ya shati. Nilisoma habari za uji wa wagonjwa na nyimbo alizowaimbia. Nilisoma kuhusu yule kijana aliyeuliza kesho wanakula nini. Sikuongeza hata kijiko kimoja, na haikuhitaji, kwani wazee waliokuwa wakimuuliza aliua wangapi walivua kofia zao mmoja mmoja. Tulipotoka makaburini, mwanawe mkubwa alinifuata akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa analia waziwazi bila kujificha. Akaniambia, "Dada, leo ndiyo nimemfahamu baba yangu."

Nilifurahi kwa ajili ya mzee, lakini yule mwanawe niliondoka na huzuni yake mpaka nyumbani, na ninayo bado. Alikuwa mwana wa mtu yule, alikula chakula cha mkono ule, na ilibidi aje kumfahamu kwa kusomewa na binti wa jirani, siku ambayo hakuweza tena kumuuliza hata neno moja la nyongeza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sikukatazi katuni wala sinema wala hivyo vya kwenye simu. Mimi mwenyewe hicho kitabu cha Subira hakitoki hapa, amekiomba mara mbili nimemnyima. Soma, cheka, hata tunga ukitaka. Lakini nyumbani kwako yupo mtu ambaye unadhani unamjua. Labda ni mama yako anayevuka mpaka kila siku na mzigo wake, labda ni baba aliyeendesha malori mpaka kusikojulikana, labda ni huyo bibi wa kona unayemcheka anavyotembea. Umeshamtungia hadithi, umemfanya mwoga au umemfanya shujaa, na zote mbili amevishwa bila kupimwa. Mfuate. Shika naye kazi anayoifanya, maana mtu husema vizuri zaidi mikono yake ikiwa na shughuli. Muulize swali wazi, lisilobeba jibu lako ndani, kisha unyamaze, hata akikohoa ukamsubiri. Akikwambia jambo dogo, la uji na kuni, usimkuzie. Na ukiwa umemkosea mtu mbele ya watu, mrudishe mbele ya watu, mapema, kahawa yake ikiwa bado chanjani.

Usiseme utamuuliza Krismasi mkikutana. Muulize wiki hii.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe masikio yasiyochoka na ulimi unaojua kusubiri. Awabakishe wazee wako mpaka umalize maswali yako yote, nawe ukifika umri wangu, usikose mtu wa kukaa mbele yako na kukuuliza.